Bustani, makao ya waliookolewa au kituo cha utafiti: uende wapi kuwaona paka wakubwa?

Siku hizi karibu kila mahali panapofuga paka wakubwa hujiita kituo cha uhifadhi. Bustani ya wanyama ya mjini hujiita hivyo. Shamba linalotunza simba waliotolewa kwenye sarakasi hujiita hivyo, na kambi ya watafiti iliyo mbali na barabara ya lami pia. Hata yule anayekodisha watoto wa simba wapigwe nao picha hujiita hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Mgeni mwenye likizo moja na bajeti isiyoruhusu makosa anabaki njia panda.

Makala haya yanalinganisha aina tatu zinazopokea wageni: bustani ya wanyama yenye ithibati, makao ya wanyama waliookolewa, na kituo cha utafiti kilicho katika eneo anamoishi mnyama mwenyewe. Nimeongeza aina ya nne, vituo vya kuandaa wanyama warudi porini. Milango yake mara nyingi imefungwa, lakini bila kuielewa ni vigumu kuzipima hizo tatu. Jambo moja ni heri ulijue kabla hujalipa: kadiri kituo kinavyoikaribia kazi ya kumrudisha paka porini, ndivyo utakavyomwona paka huyo kwa shida zaidi. Ukaribu unaouzwa getini na uhifadhi wenyewe havivuti upande mmoja.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni asili na hatima ya mnyama. Swali la kumuuliza mwenyeji si "mnao wangapi?" bali "huyu alitoka wapi, na akizaa, watoto wake watakwenda wapi?" Kituo kinachoonyesha watoto wapya kila msimu huku idadi ya wakubwa haiongezeki kina mlango wa nyuma, na ni haki yako kuuliza unaelekea wapi.

Hapa inafaa kujua kwamba si paka wote walio katika hatari ya aina moja. IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ilikadiria mwaka 2022 kwamba chui milia walioko porini ni kati ya 3,726 na 5,578. Chui wa Amur, wa mpaka wa Urusi na China, wamezidi mia moja kidogo tu. Kwa jamii ndogo kiasi hicho, kuzalisha kwenye mabanda ni bima halisi. Simba wa Afrika ni habari nyingine. Akipata eneo, mawindo na usalama, simba huzaa bila kusaidiwa na mtu. Anachokosa ni nafasi. Kwa hiyo kituo kinachosema kinazalisha simba wa Afrika "ili wasitoweke" kina maelezo marefu ya kutoa.

Kigezo cha pili ni utakachokiona kwa macho yako, siyo kilichoko kwenye picha za matangazo. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Cha tatu ni kazi inayofanywa na kiingilio chako. Cha nne ni safari yenyewe: umbali, muda, na watu utakaofuatana nao.

Ambao sikuwaweka kwenye mizani

Niliowaacha nje ni wanaokuruhusu kumbeba mtoto wa simba, kumnyonyesha chupa, kutembea naye au kulala karibu na chui milia aliyefungwa mnyororo. Biashara hii inafuata njia moja karibu kila mahali. Mtoto anatengwa na mama yake akiwa bado mchanga ili azoee mikono ya watu. Anafaa kwa picha kwa majuma machache tu, kisha kucha na meno vinakuwa hatari, na inabidi atafutwe mwingine mdogo. Yule aliyekua anaendelea kula nyama kila siku bila kuingiza chochote, na hapo ndipo anapouzwa.

Mwaka 2016 maofisa wa Thailand waliingia katika hekalu moja la Kanchanaburi lililokuwa maarufu kwa watalii. Waliondoa chui milia 137 walio hai, na kwenye friji wakakuta miili 40 ya watoto wao. Nchini Afrika Kusini simba wengi waliofugwa hivi wamekuwa wakiishia kupigwa risasi ndani ya uzio na wawindaji wanaolipa, au mifupa yao kusafirishwa nje. Mwaka 2021 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuukomesha ufugaji huo. Marekani nayo ilipitisha sheria Desemba 2022 inayozuia umma kuwagusa paka wakubwa na kuzuia watu binafsi kuwafuga kama wanyama wa nyumbani.

Dalili nyingine ni rahisi kuiona: chui milia weupe. Nasaba ya wengi wa weupe wanaofugwa leo inarudi kwa dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa Rewa nchini India mwaka 1951, na rangi hiyo ilidumishwa kwa kuwapandisha ndugu kwa ndugu. Muungano wa bustani za wanyama wa Marekani, AZA, uliwapiga marufuku wanachama wake kuwazalisha mwaka 2011. Mahali panapojivunia kuwazalisha leo panakuambia panachokithamini.

Bustani ya wanyama yenye ithibati

*Asili na hatima.* Wengi wamezaliwa bustanini, na wazazi wao pia. Nyuma ya pazia kuna mtu anayeshika daftari la nasaba la jamii nzima, mathalani chui milia wa Sumatra, na ndiye anayependekeza dume wa mji huu apelekwe kwa jike wa mji ule, au wawili fulani wasizae kabisa kwa kuwa damu yao tayari iko nyingi. Ulaya kazi hii inaendeshwa na muungano wa EAZA, Marekani na AZA. Karibu wanyama wote hao watafia bustanini. Wao ni akiba, na akiba inaweza isiguswe kamwe. Wapo wachache wanaoandaliwa kwa jambo jingine: katika Highland Wildlife Park ya Uskochi, watoto wa chui wa Amur walizaliwa mwaka 2018 katika banda lililojengwa mbali na macho ya wageni, kwa mpango kwamba kizazi cha aina hiyo kiweze siku moja kupelekwa Mashariki ya Mbali ya Urusi. Hata ndani ya bustani, wa porini hufichwa.

*Utakachoona.* Hapa ndipo utakapomwona mnyama kwa karibu na kwa uhakika kuliko kwingine. Kioo kinakuwezesha kuhesabu mistari usoni mwa chui milia. Lakini kama ratiba ina maonyesho ya mazoezi ya kitabibu, usiyakose kwa kukimbilia mgahawa. Mtunzaji anasimama nje ya wavu na kijiti chenye mpira nchani. Chui anafuata mpira, analala ubavu ukiwa umegusa wavu, na mkia wake unapitishwa kwenye upenyo wa chini. Mtunzaji wa pili anamlisha vipande vya nyama kwa koleo upande wa kichwa huku daktari akichoma sindano kwenye mshipa wa mkia na kuvuta damu. Hakuna dawa ya usingizi wala kamba, na chui anaweza kuondoka akitaka. Mnyama wa kilo mia na zaidi amefundishwa kukubali kupimwa, na ukishaliona hilo utajua tofauti ya mahali panapofuga na mahali panapotunza.

*Kiingilio.* Hapa bustani zinatofautiana mno kiasi kwamba kuzisema kwa pamoja ni kuzionea baadhi na kuzisifu nyingine bure. Shirika la WCS linaendesha Bronx Zoo ya New York na pia miradi ya chui milia, jagwa (paka mkubwa mwenye madoa wa bara la Amerika) na chui wa theluji katika nchi nyingi. Shirika hilohilo, likiwa bado linaitwa New York Zoological Society, ndilo lililokuwa nyuma ya George Schaller alipowachunguza simba wa Serengeti kati ya 1966 na 1969. Zipo bustani nyingine ambazo mchango wao wa porini ni bango moja lenye ramani karibu na choo. Ripoti ya mwaka ndiyo itakayokuonyesha: tafuta mstari wa fedha zilizotoka nje ya uzio, na jina la eneo zilikokwenda.

*Safari.* Rahisi kuliko zote. Njia zimewekwa sakafu, viti vya magurudumu vinapita, vyoo vipo, na siku moja inatosha.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto wadogo, wazee, mwalimu mwenye darasa zima, na yeyote asiye na uwezo wa kufika mbali. Haimfai anayeumia akimwona mnyama akizunguka zunguka njia ileile kando ya uzio. Hali hiyo hutokea hata katika bustani nzuri, na hakuna bango litakaloiondoa moyoni mwake.

Makao ya wanyama waliookolewa

*Asili na hatima.* Kila mnyama hapa ana faili. Mmoja alikuwa wa sarakasi, mwingine alifugwa uani na tajiri aliyechoka naye, mwingine alibaki kwenye bustani iliyofungwa kwa vita. Laziz, chui milia aliyekuwa katika bustani ya Khan Younis huko Gaza, alihamishwa mwaka 2016 na shirika la FOUR PAWS hadi Lionsrock, makao yaliyo karibu na mji wa Bethlehem nchini Afrika Kusini. Simba mmoja aliyenusurika katika bustani ya Mosul wakati wa vita vya Iraq aliishia hukohuko baada ya kupitia Jordan. The Wild Animal Sanctuary ya Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1980, iliwapokea simba 25 mwaka 2011 baada ya Bolivia kupiga marufuku wanyama katika sarakasi.

Hawa hawarudi porini. Wengine waling'olewa kucha, wengine hawajawahi kuwinda hata sungura, na wote wamezoea kwamba binadamu maana yake ni chakula. Zoea hilo humuua simba anayeachiwa karibu na vijiji, au humuua mwanakijiji kwanza. Nasaba zao pia zimechanganyika au hazijulikani. Kwa hiyo makao ya kweli hayazalishi, hayauzi na hayabadilishani wanyama. Madume wa simba hukatwa mirija ya mbegu badala ya kuhasiwa kabisa, kwa kuwa simba aliyehasiwa hupoteza manyoya ya shingo. Majike huwekewa dawa za kuzuia mimba. Ukikuta watoto wachanga mahali panapojiita makao, rudi kwenye swali la kwanza.

*Utakachoona.* Wazee. Simba anayechechemea, chui milia mwenye jicho moja, jagwa aliyekatika ncha ya mkia. Kwa kuwa nyua ni kubwa, mnyama anaweza kukaa upande wa mbali siku nzima na hakuna atakayemwita kwa ajili yako. Kule Colorado wageni hupita kwenye daraja la juu lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Waliolijenga wanaeleza kwamba paka hawaihesabu anga kuwa sehemu ya himaya yao, hivyo mtu anayepita juu hawamchukulii kama mvamizi, na kwa kweli wengi hulala bila hata kuinua sikio. Anayetaka simba amkazie macho atavunjika moyo. Mimi naona usingizi wa namna hiyo ndio unaostahili kulipiwa, ila naelewa kwamba mtoto wa miaka sita hatakubaliana nami.

*Kiingilio.* Kinanunua nyama, dawa na uzio. Simba mkubwa hula kwa wastani kilo tano hadi saba za nyama kwa siku, na akiwa mahali salama anaweza kufikisha karibu miaka 20. Piga hesabu mwenyewe. Fedha hizo haziongezi hata paka mmoja porini. Makao yanayosema wazi kwamba kazi yao ni kumtunza mnyama huyu mmoja hadi afe ndiyo ninayoyaamini zaidi. Mchango wao kwa uhifadhi unapita pembeni: serikali ikitaka kufunga sarakasi au kumnyang'anya mfugaji haramu wanyama wake, lazima pawepo mahali pa kuwapeleka. Pasipokuwepo, sheria inabaki kwenye makaratasi.

*Safari.* Mara nyingi ni nje ya mji, na baadhi hupokea tu walioweka nafasi mapema au huwa na siku maalumu za kufungua. Andika kabla hujatoka nyumbani.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeguswa na kisa cha mnyama mmoja kuliko takwimu za jamii nzima. Vijana wa umri wa sekondari pia, kwa kuwa hapa wanaona kwa macho mwisho wa ile video ya mtoto wa chui milia waliyoipenda mtandaoni.

Kituo cha utafiti katika makazi ya mnyama

*Asili na hatima.* Mfano ulio wazi ni Cheetah Conservation Fund, iliyoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990, karibu na Otjiwarongo nchini Namibia. Duma wanaoonekana na wageni wengi wao ni yatima: mama aliuawa au alikamatwa, wao wakabaki wadogo mno kujifunza kuwinda. Wengine hufundishwa upya na kuachiwa, wasioweza hubaki. Lakini wanyama ambao kituo kinawafanyia kazi hasa hawako pale. Wako kwenye mashamba ya watu, maana sehemu kubwa ya duma wa Namibia huishi nje ya hifadhi, katikati ya ng'ombe, mbuzi na kondoo.

*Utakachoona.* Mbuzi. Nasema kweli. Utaona mbuzi, mbwa na vichaka vya miiba vilivyokatwakatwa kuwa kuni za kushindilia, na ukiondoka bila kuelewa kwa nini, umepoteza safari.

Mfugaji anayepoteza mbuzi humlaumu duma, hata pale mwizi alipokuwa mbweha au fisi, na duma anayewinda mchana ndiye anayeonekana. Mwaka 1994 kituo kilianza kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, Kangal na Anatolia. Kitoto cha mbwa kinawekwa zizini na mbuzi kingali kidogo, kinalala nao, kinanuka kama wao, kinakua kikiwahesabu kuwa ndugu zake. Kikishakuwa mbwa kamili hakichungi wala hakiswagi. Kinasimama kati ya kundi na chochote kinachokaribia, kinabweka. Duma ana umbo la mbio, hana la ugomvi. Jeraha moja la mguu ni njaa kwake, kwa hiyo akibwekewa anaondoka. Mbuzi wanabaki, mfugaji haweki mtego, na duma anaishi kwa sababu ya mnyama ambaye hakuna aliyesafiri kuja kumtazama. Vichaka navyo vina sababu: malisho yakizidi kutumika, miiba husonga nyika, na duma hawezi kukimbia ndani ya miiba. Kukata na kuuza kuni ni kumrudishia uwanja.

Duma wenyewe utawaona pia. Kuna zoezi la alfajiri ambapo kipande cha kitambaa huvutwa kwa kamba inayoendeshwa na mota, na duma hukifukuza ili wasinenepe na kulegea. Muda wake ni mfupi kuliko wa kupangusa miwani. Kinachoshangaza siyo kasi tu bali mkia: kila kona, mkia unarushwa upande wa pili kama usukani, na vumbi linaruka kabla hujajua amegeuka.

Mtindo mwingine uko Pantanal, Brazil, ambako mradi wa Onçafari unafanya kazi tangu 2011 kwenye ranchi ya Caiman. Huko jagwa wa porini wamezoeshwa polepole wasiogope magari, bila kulishwa wala kuguswa, na mapato ya wageni yanamfanya mwenye ranchi aone kwamba jagwa aliye hai ana thamani kuliko ndama aliyemla. Mradi huo pia uliwafundisha kuwinda dada wawili yatima, Isa na Fera, ukawarudisha porini.

*Kiingilio.* Kinafika kazini kwa njia fupi: vitoto vya mbwa, kola za kufuatilia mnyama, mafuta ya gari, mishahara ya wenyeji. Uliza ni wenyeji wangapi walioajiriwa na wanafanya kazi gani. Kituo ambacho wenyeji wake ni wapishi na walinzi tu, na kila anayeshika daftari katoka ng'ambo, bado hakijafika.

*Safari.* Mbali, vumbi, jua, na pengine lazima ulale huko. Zoezi la alfajiri halikusubiri ukitokea mjini.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka kuelewa, mwenye subira ya kusikiliza habari za magonjwa ya mbuzi. Wafugaji wenyewe hufaidika kuliko wote. Watoto? Hapa watu hukosea wakidhani watachoka. Vitoto vya mbwa huwamaliza. Anayechoka ni mtu mzima aliyekuja na lenzi kubwa akitaka picha ya simba anayenguruma.

Vituo vilivyofungwa, na kwa nini vimefungwa

Februari 2012 alipatikana mtoto wa chui milia wa Amur akiwa yatima kwenye theluji. Alipewa jina Zolushka. Katika kituo cha Alekseevka, Mashariki ya Mbali ya Urusi, alikua akitazamwa kwa kamera tu, akipewa mawindo hai, kwanza madogo kisha makubwa, bila kuona sura ya mtu ikihusiana na chakula. Mei 2013 aliachiwa katika hifadhi ya Bastak, na miaka miwili baadaye alikuwa na watoto. Huko Iberá nchini Argentina, jagwa walikuwa wametoweka kwa miongo mingi hadi Januari 2021, alipoachiwa jike aitwaye Mariua na watoto wake wawili waliokulia katika nyua kubwa bila wageni.

Linksi wa Iberia, paka wa porini wa Hispania na Ureno, si paka mkubwa kwa hesabu za wanasayansi, lakini ndiye ushahidi mzuri kuliko wote kwamba njia hii inafanya kazi. Mwaka 2002 walihesabiwa 94. Kufikia 2023 walikuwa wamepita 2,000, na mwaka 2024 IUCN iliwatoa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na kuwaweka kundi la afueni kidogo. Katika kituo cha wageni cha El Acebuche, ukingoni mwa Doñana nchini Hispania, mgeni huwatazama wanaozalishwa kupitia skrini. Ni hayo tu. Ukiona skrini badala ya mnyama usidhani umepunjwa.

Zinapochanganyika

Maisha hayafuati vichwa vya habari vya makala. Belize Zoo, iliyoanzishwa na Sharon Matola mwaka 1983, ni bustani kwa jina, ina wanyama wa nchi hiyo tu, na ina mpango wa kuwapokea jagwa waliozoea kula mifugo, ambao vinginevyo wangepigwa risasi. Ni bustani, makao na kituo cha utafiti kwa pamoja. Nchini Uingereza, The Big Cat Sanctuary ya Kent inaitwa makao lakini hushiriki mipango ya kuzalisha, na haiko wazi kwa yeyote apitaye. Unaingia kwa miadi. Kwa hiyo usihukumu kwa jina la getini. Tuma barua pepe yenye maswali matatu: watoto waliozaliwa hapa mwaka jana wako wapi sasa? Je, mgeni anaweza kumgusa mnyama yeyote, hata kwa ada ya ziada? Nani amewakagua, na lini? Ithibati ya EAZA, AZA au, kwa makao, ya GFAS (shirikisho la kimataifa la makao ya wanyama) ni jibu zuri kwa swali la tatu. Kuna vituo vidogo vya heshima ambavyo havijaipata, lakini hivyo hujibu swali la kwanza na la pili bila kigugumizi.

Kulingana na hali yako

Una siku moja tu, na mama mzee au mtoto wa gari la kusukuma? Nenda bustani yenye ithibati, fika mlango unapofunguliwa au rudi jua linapolegea, na panga siku nzima kuzunguka ratiba ya mazoezi na kulisha. Fahamu kwamba paka wengi hawalishwi kila siku, hivyo uliza siku ya nyama ni ipi.

Una kijana anayeomba umnunulie fulana yenye picha ya chui milia mweupe, au anayetamani "selfie" na mtoto wa simba? Mpeleke kwenye makao ya waliookolewa, na umwache asome mafaili mwenyewe.

Unasoma au unafanya kazi za mifugo, misitu, ualimu au utalii? Kituo cha utafiti kitakulipa zaidi ya gharama ya safari. Lala angalau usiku mmoja.

Unataka picha? Bustani kwa uso, makao kwa mandhari pana, kituo cha utafiti kwa mwendo. Zima taa ya kamera na acha droni nyumbani.

Unataka kumwona akiwa huru na hakuna kingine kitakachokutosha? Basi vituo vyote hivi si jibu lako. Tafuta hifadhi ya taifa. Simba wa Asia, kwa mfano, walihesabiwa 891 mwaka 2025, wote jimbo la Gujarat nchini India, na magari ya wageni huingia msitu wa Gir.

Una fedha lakini huna muda? Zitume kwenye kituo kilichofungwa. Hakina geti la kukusanyia viingilio, na ndicho kinachozihitaji zaidi.

Na kama tayari umelipia kifurushi cha utalii chenye kipengele cha kutembea na simba au kushika watoto wao, mwandikie wakala leo aondoe kipengele hicho au akibadilishe. Muungano wa kampuni za utalii wa kusini mwa Afrika, SATSA, ulitoa mwongozo mwaka 2019 unaowashauri wasafirishaji wajiepushe na shughuli hizo, kwa hiyo wakala mzoefu hatashangazwa na ombi lako. Omba jibu kwa maandishi, pamoja na jina la mahali mtakapopelekwa badala yake, kisha mahali hapo nako ukatumie maswali yale matatu.